Gobore la Baba Mkwe

Leo naomba nikukaribishe nyumbani kwetu Chuno, hapa Mtwara mjini, nikusimulie kitu kilichokaribia kunivunjia ndoa.

Sebuleni kwetu, juu ya televisheni, kulikuwa na bunduki. Bunduki kweli, siyo picha! Mume wangu aliitoa kijijini kwao baba yake alipofariki, akaitundika ukutani, na kila mgeni akawa anasimuliwa: "Hii babu aliiteka kwa Mjerumani wakati wa Maji Maji." Wageni hoi. Mimi nina binti wa miaka minne, usingizi ulikuwa hauji. Nikisema iondoke, najibiwa, "Mke wangu, unataka nitupe ukoo wangu?" Basi tunanuniana siku tatu.

Mambo yakazidi alipoona video za Wazungu wanaoshindana kulenga shabaha kwa bunduki za kale za baruti nyeusi. Eti na yeye Idi ikifika ataishindilia ya kwetu apige makopo shambani. Baruti ataitoa wapi? "Nitapasua risasi za shotigani." Jamani!

Sikugombana. Nilimwalika jirani yetu, mzee mstaafu wa idara ya wanyamapori, aje tunywe naye chai. Dada zangu, kuna maneno ambayo mwanaume huyasikia vizuri yakitoka kwa mtu mzima.

Mzee aliitazama mara moja tu. "Mwanangu, bunduki ya Mjerumani ya enzi hizo, ile ya mwaka 1871, inafunguliwa nyuma kwa komeo. Unaingiza risasi moja yenye ganda la shaba, nene milimita 11, unafunga, unapiga. Moshi wake mweupe kama wingu, adui anajua uliko. Hata vita vya 1914 vilipoanza askari wao wengi walikuwa nazo. Hii yako haina pa kufungulia. Inashindiliwa mdomoni: baruti, kitambaa, halafu gololi, unasukuma kwa mdeki. Fataki inakaa kwenye hiki kichuchu. Hili ni gobore, na mtutu wake ni bomba. Mhunzi wa kwetu huyu."

Mume wangu akanywea.

Kuhusu baruti ya shotigani, mzee alikuwa mkali. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi siyo ndugu wa baruti nyeusi. Nguvu yake ni kubwa kuliko uwezo wa mtutu wa zamani, sembuse bomba. Ukiijaza humo, mtutu unapasuka usoni kwako mwenyewe.

Kisha akauliza swali ambalo sisi wawili hatukuwahi kujiuliza: "Mna hakika halina kitu ndani?"

Akaniambia nimpeleke mtoto kwa jirani. Akalilaza gobore mkekani, mdomo ukielekea kusiko na mtu, akasimama pembeni. Akaingiza kijiti chembamba mpaka kikagota, akaweka alama kwa kidole, akakipima kwa nje. Kama mtutu ungekuwa mtupu, kijiti kingefika usawa wa kichuchu. Kiliishia vidole vinne kabla.

Tulimpigia mama mkwe simu. "Ehe," akasema, kama anayezungumzia jembe. "Baba yenu alilishindilia usiku ule nguruwe walipoingia kwenye mihogo. Hawakurudi, akalitundika." Miaka mingapi hiyo? Saba! Binti yetu amezaliwa na kukua chini ya gobore lililoshiba. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki, na kukosa fataki siyo usalama, kwani hata cheche inatosha.

Mzee alikataa kuichokonoa. Tukawaita polisi, wakaja kulichukua. Na hapo ujue: gobore nalo ni silaha. Chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015 linahitaji kibali, na la marehemu halirithiwi kimyakimya kama saa ya mkononi. Kama mnalo nyumbani, usilipime mwenyewe kama alivyofanya mzee wetu. Liacheni lilipo, watoto wasogezwe, polisi waambiwe.

Usiku ule mume wangu hakulala. Nilidhani anasikitikia gobore. Kumbe lilikuwa jambo jingine. "Baba alikuwa analinda mihogo ili mimi nisome," akasema. "Nikamtafutia vita vya Mjerumani ndiyo nimwonee fahari. Sikuwahi hata kumuuliza."

Na mimi nikajiuliza. Muda wote nilipiga kelele liondoke, lakini simu moja tu kwa mama mkwe sikuwahi kupiga.

Wapendanao, vingi tunavyoleta kwenye ndoa kutoka kwa wazazi vimeshashindiliwa zamani, na aliyeshindilia yupo au ameondoka. Kabla ya kununiana, ulizeni. Wenye majibu bado wapo hai, ila hawatakaa milele.

Juu ya televisheni sasa kuna picha ya baba mkwe, kashika jembe.

Tukutane mwezi ujao!