Mgeni Safuni

Zamani misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika Tabora. Mnyamwezi aliyefika pwani hakuwa na ndugu, ila alikuwa na watani wake Wazaramo: walimtania, walimlisha, na mauti yakimfika walisaidia kumzika.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ya miguu ikafifia, lakini upweke wa msafiri haukwisha. Ni upweke wa kale: mwaka 1325 Ibn Battuta, akienda Hija, alilia mjini Tunis kwa kukosa wa kumsalimu, mpaka msafiri mwenziwe alipomwona akamjia.

Basi enyi vijana, mkiwa ugenini msijifungie chumbani. Nendeni msikitini, tangulizeni salamu. Nasi wenyeji, baada ya sala tumtazame mgeni safuni, tumwulize jina lake kabla hajavaa viatu.