Gari si Ghala la Silaha

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi mnaotumikia taifa hapa Rusizi, leo tunataka kuzungumza juu ya silaha inayoachwa peke yake. Hatusemi ile iliyo begani mwa mlinzi, wala ile iliyofungiwa ghalani na kuandikwa kitabuni. Tunasema ile ambayo mwenyewe ameingia kazini, naye ameiacha chini ya kiti cha gari au ndani ya buti, akafunga mlango na kuuamini ufunguo.

Zipo nchi ambazo jambo hilo limefanywa kuwa haki. Mwaka 2002, katika kiwanda cha karatasi mjini Valliant, jimbo la Oklahoma huko Marekani, wakuu walipekua magari yaliyoegeshwa na wafanyakazi, wakakuta bunduki, na wafanyakazi kadhaa wakafukuzwa kazi. Malalamiko yakafika bungeni mwa jimbo, na mwaka 2004 ikapitishwa sheria inayomkataza mwajiri asimzuie mfanyakazi kuacha silaha ndani ya gari lililofungwa penye maegesho ya kazini. Makampuni yakashitaki, yakapata ushindi mwaka 2007, yakashindwa katika rufani mwaka 2009. Florida ilikwisha kufuata nyayo hizo mwaka 2008, na majimbo mengi baadaye.

Watu wa huko wana katiba yao na historia yao, nasi hatuna haja ya kuwafundisha. Walakini matokeo yao tunaweza kuyasoma. Mwaka 2005 wataalamu wao walichapisha uchunguzi juu ya sehemu za kazi katika jimbo la North Carolina: pale ambapo bunduki ziliruhusiwa, hatari ya mtu kuuawa kazini ilikuwa karibu mara 5 kuliko pale ambapo silaha za kila aina zilikatazwa. Idara ya serikali yao inayosimamia silaha nayo ilihesabu zaidi ya silaha milioni 1 zilizoripotiwa kuibwa mikononi mwa watu binafsi kati ya mwaka 2017 na 2021.

Liko tukio moja ambalo tungependa kila askari alijue, kwa sababu mwenye silaha hakuwa raia. Mwezi Juni 2015, mtumishi wa serikali ya Marekani mwenye kazi ya kulinda sheria katika ardhi ya umma alifika na gari lake katika jiji la San Francisco, akaliegesha barabarani, bastola yake ya kazi ikiwa ndani ya begi. Mwizi akavunja gari. Siku 4 baadaye bastola ile ile ilimwua mwanamke kijana aliyekuwa akitembea na baba yake ufukoni. Kesi iliyofuata ilizua mabishano nchi nzima, wanasiasa wakamtazama mshitakiwa na nchi aliyotoka. Ni wachache waliouliza: silaha ya serikali ilikuwa inafanya nini ndani ya begi, katika gari lisilo na mtu?

Sasa tutazame kwetu. Sheria Na. 56/2018 ya tarehe 13/08/2018 kuhusu silaha haimpi raia bunduki ila kwa kibali. Mkataba wa Nairobi wa tarehe 21/04/2004, ambao nchi yetu ni mmoja wa watia sahihi, unazitaka serikali zizuie kabisa raia kumiliki bunduki za rashasha, ziandikishe zile chache zinazoruhusiwa, na kuhakikisha zinatunzwa salama. Tena mkataba huo haukuishia kwa raia. Unaitaka kila nchi iwe na hesabu kamili ya silaha za majeshi yake, izitie alama, na kuzihifadhi mahali pa salama. Hapo sisi ndio tunaosemwa.

Na Rusizi si mahali pa kuchezea hesabu hiyo. Kutoka Kamembe hadi daraja la Rusizi ya Kwanza ni mwendo wa dakika chache. Ng'ambo ni Bukavu. Kusini, Bugarama inapakana na nchi mbili kwa pamoja. Ziwa Kivu halina ukuta, na mtumbwi hauna namba ya usajili. Bastola iliyoibwa saa 4 asubuhi katika gari lililoegeshwa mbele ya ofisi yaweza kuwa nchi nyingine kabla mwenyewe hajatoka kula chakula cha mchana. Gari likiibwa tutalitafuta kwa rangi na namba. Bastola tutaitafuta kwa nini, ikiwa namba yake haikuandikwa mahali popote asubuhi ile?

Iko hoja nzito ya upande wa pili, nasi hatutaki kuipuuza. Mtu atasema: kazi yangu iko Rusizi, barabara yangu hupita msitu wa Nyungwe, na mwezi Desemba 2018 magari yalishambuliwa na kuchomwa moto katika barabara hiyo, watu wakapoteza maisha. Je, dereva asijilinde? Jibu letu ni kwamba waliovizia barabarani siku ile walikuwa kundi lenye bunduki za kivita, na bastola moja iliyofichwa ndani ya gari isingewasimamisha. Ulinzi wa barabara ile ni kazi ya jeshi na polisi, mchana na usiku, na wasafiri wana haki ya kutudai kazi hiyo.

Licha ya hayo, wilaya hii imekwisha kuona raia wakibeba silaha kwa kisingizio cha kujilinda. Yusuf Munyakazi alikuwa mfanyabiashara wa Bugarama. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa kuongoza Interahamwe katika mauaji ya parokia za Shangi na Mibilizi mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wakazi wa hapa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tusidhani kwamba hatari iko kwa raia tu. Tarehe 2 Mei 2023, huko Kampala, Charles Engola, kanali mstaafu na Waziri wa Nchi wa mambo ya Kazi, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe akiwa anatoka nyumbani kwenda kazini. Siku 10 baadaye, katika jiji hilo hilo, konstebo wa polisi alimwua mkopeshaji fedha ofisini kwake kwa sababu ya deni. Polisi wa Uganda walieleza kwamba konstebo huyo alikwisha kukatazwa kushika silaha kwa ajili ya ugonjwa wa akili. Ile aliyoitumia aliichukua kwa mwenziwe waliyekaa chumba kimoja. Amri ya kumzuia ilikuwapo. Kilichokosekana ni kufuli.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila benki, kiwanda na hospitali inayopokea watu wenye kibali cha silaha iwe na sanduku la chuma langoni, na daftari, na mtu mmoja mwenye dhamana. Askari anayekwenda na gari lake sokoni, au kumwona mgonjwa, airudishe silaha ghalani kwanza, hata kama safari ni ya nusu saa na afande wa zamu anaona usumbufu kufungua mlango mara mbili. Makampuni ya ulinzi nayo yaulizwe: mlinzi anapobadilishana zamu, bunduki hupita mkononi kwa sahihi, au hulala ndani ya gari la kampuni hadi mwenzake afike?

Makamanda wanaweza kuanza kesho bila kungoja sheria mpya. Na watembelee maegesho ya magari kambini na vituoni saa 7 mchana, wakati wa chakula, wafunguliwe magari, waangalie chini ya viti.