Mkaguzi wa Mkia

Jamani, kuna mkaguzi ambaye akikukuta mzima anakuandikia kosa, akikukuta maiti anakupa maksi zote. Simsemi trafiki. Nasema Lintian, programu inayokagua vifurushi vya Debian.

Tuelewane kwanza. Programu ikitoka kwenye kompaila huwa imebeba mzigo wa ziada: majina ya fanksheni, taarifa za kutafutia kasoro. Amri iitwayo strip huutoa mzigo huo, faili linapungua, na sera ya Debian inataka hivyo kwa kawaida. Hapo sina ugomvi. Anayelipia intaneti kwa megabaiti anajua kwa nini.

Ugomvi wangu uko kwenye OCaml, lugha iliyozaliwa Inria, Ufaransa. Ukitumia ocamlc na chaguo la -custom unapata faili moja: mbele kuna injini iliyoandikwa kwa C, mkiani imebandikwa baitikodi, yaani programu yenyewe. Strip haijui mkia huo ni wa nini. Inaukata! Inabaki injini isiyo na kitu cha kuendesha. Mwongozo wa OCaml unakataza jambo hilo waziwazi.

Lakini Lintian ilikuwa ikiona faili halijapita kwenye strip, inagonga muhuri: kosa. Mtunza vifurushi mgeni, anayejitolea bila hata senti, afanye nini? Anatii. Anakata mkia, anakagua upya, safari hii kimya. Kifurushi kimekufa, ripoti ni safi. Lintian haiendeshi programu, inakagua faili tu.

(Sisi wa magazetini tunamjua mtu huyu. Ndiye anayekata habari kuanzia chini kwa sababu alifundishwa kwamba chini hakuna la maana.)

Msiniambie ilikuwa vigumu. Mwishoni mwa faili la namna hiyo kuna alama inayoanza na Caml1999X. Ni kusoma baiti chache tu! Baadaye Lintian ilifundishwa kuitafuta, na tangu OCaml 4.10 ya mwaka 2020 ipo njia nyingine, -output-complete-exe, isiyoacha mkia wa kukatwa.

Utasema, basi yamekwisha, unalalamika nini? Nalalamika kwamba mkaguzi alikosea, halafu aliyetakiwa kuandika faili la kujitetea ni mtunza vifurushi. Kesho itakuja lugha nyingine yenye mkia wake, na itakutana na muhuri uleule. Ninachodai ni kidogo: onyo liulize kwanza hicho kilichobandikwa mwishoni ni nini, ndipo liandike kosa.