ELI ALIONA MIDOMO, HAKUONA MOYO

Soma 1 Samweli sura ya 1. Kuhani Eli alimwona Hana midomo ikicheza bila sauti, akaamua mama huyu amelewa. Hana alipojieleza ndipo Eli akajua ni uchungu, si mvinyo.

Hapa kwetu Busia na Malaba wako waliolewa kweli. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori anatafuna miraa asilale. Kijana wa boda boda anashinda kwenye chang'aa. Lakini hata mlevi ana uchungu wake, na sisi tunahesabu chupa tu. Akikaa wiki mbili bila kunywa, tunampa maiki atoe ushuhuda. Ni nani amemuuliza moyo wake uko aje?

Wahudumu wa afya wana kipimo kinachoitwa K10. Ni maswali 10 kuhusu siku 30 zilizopita: ni mara ngapi umechoka bila sababu, umekosa tumaini, umejiona hufai kitu? Kila jibu lina alama 1 hadi 5, jumla 10 hadi 50. Alama zikiwa juu, mzigo ni mzito. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa. Kinaonyesha nani asiachwe hivi hivi. Na ni vizuri kurudia baada ya wiki kadhaa, kwa sababu pombe yenyewe huleta huzuni. Kama ameacha kunywa na alama hazijashuka, ujue chupa ilikuwa inafunika kidonda.

Utasema, "Pasta, upako hauhitaji maswali." Eli alikuwa kuhani, ameketi hekaluni, na bado alikosea kwa kutouliza. Baraka aliyomtamkia Hana ilikuja baada ya kumsikiliza.

Basi wiki hii muulize mmoja, kisha nyamaza usikie. Akisema anatamani kufa, usimwache peke yake, mfikishe hospitali. Na mnywaji wa kila siku akiacha ghafla, akaanza kutetemeka au kuona vitu visivyokuwepo, usikae ukikemea pepo. Hiyo ni dharura: mpeleke hospitali, omba mkiwa njiani. Simu ya NACADA ni 1192, haina malipo.

Usiandike jina lake hapa chini. Litaje mbele za Mungu, kisha umpigie simu leo.

Mbarikiwe. 🙏