Mwizi Asiyevunja Mlango

Zamani mwenye duka alimwogopa mwizi wa usiku. Alinunua kufuli kubwa, akaweka nondo dirishani, na jioni akayafunga mauzo ya siku katika khanga na kwenda nayo nyumbani. Siku hizi sehemu kubwa ya fedha za biashara zetu haikai tena kwenye droo. Imo ndani ya simu, na nyingine imo benki, ambako tunaifikia kwa simu hiyo hiyo. Mwizi naye amehama. Havunji mlango, bali hutubembeleza tumfungulie sisi wenyewe.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya wezi wa mtandao. Wengi wetu hudhani kwamba hao ni watu wenye elimu ya ajabu ya kompyuta, na kwamba wanawinda makampuni makubwa tu. Ni kweli kwamba wengine wao wana elimu hiyo. Lakini hata hao mara nyingi huanza kwa kumdanganya mtu, tena mtu mpole anayefanya kazi yake ya kila siku. Tukiifahamu njia yao, tutaona kwamba kinga nyingi haziko mbali nasi.

Walivyoiibia benki kuu

Tuanze na wizi mmoja mkubwa, maana ndani yake mna mafunzo yanayomfaa hata muuza vitenge.

Mapema mwaka 2015 wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh walipokea barua pepe kutoka kwa mtu aliyejifanya anatafuta kazi. Aliwaomba kwa heshima wafungue maelezo yake. Ndani yake mlikuwa na programu ya wizi, na kwa njia hiyo wezi wakaingia katika kompyuta za benki. Hawakuiba siku ile. Walikaa kimya kwa miezi mingi wakijifunza nani anafanya nini, na fedha hutumwaje.

Walipokuwa tayari, walichagua siku kwa uangalifu. Ilikuwa usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016. Nchini Bangladesh watu hupumzika Ijumaa na Jumamosi. New York, ambako fedha za benki hiyo zilitunzwa, hupumzika Jumamosi na Jumapili. Na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina huko Ufilipino, ambako fedha zilipelekwa. Basi wezi walijipatia siku nne ambazo ilikuwa vigumu kuulizana.

Walituma maagizo 35 ya kuhamisha jumla ya karibu dola milioni 951 za Marekani. Mashine ya benki iliyochapa kumbukumbu za fedha zinazotoka ilikuwa imezimwa na wezi hao, na wafanyakazi walipoikuta haifanyi kazi walidhani ni hitilafu ya kawaida. Maagizo mengi yalizuiwa New York. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilisimama kwa sababu wezi walikosea kuandika jina la mpokeaji, na karani mmoja akaona vema aulize kwanza. Hata hivyo dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa ikapotelea katika nyumba za kamari. Gavana wa benki hiyo, Atiur Rahman, alijiuzulu mwezi Machi mwaka huo.

Angalieni hatua zao. Kwanza walimdanganya mtu. Pili walijifunza mazoea ya mahali. Tatu walichagua saa ambayo watu wamechoka au hawapo. Nne walificha dalili. Na kilichookoa dola milioni 20 ni mtu mmoja kukubali kuchelewesha kazi kidogo ili aulize.

Yanayotokea kwetu

Sasa turudi kwenye duka la nguo, saluni, mgahawa na kikundi cha vicoba. Hatua ni zile zile, ila kiasi ni kidogo.

Mteja amechukua mzigo wa kitambaa, na ujumbe umeingia kwenye simu ukisema fedha zimepokelewa. Umeandikwa kama ule wa kampuni ya simu. Lakini umetoka kwenye namba ya mtu binafsi, na salio halijabadilika. Mteja huyo hupenda kuja jioni, wakati duka limejaa na binti wa dukani yuko peke yake.

Mwingine hupiga simu akijitambulisha kwamba yuko makao makuu ya mtandao. Anasema akaunti yako ya biashara itafungwa leo, na ili aiokoe umtajie tarakimu ulizotumiwa sasa hivi kwa ujumbe. Tarakimu hizo ndizo ufunguo. Zikiwa ni za WhatsApp, baada ya dakika chache wanachama wote wa kikundi wataona "mweka hazina" wao akiomba michango ipelekwe kwenye namba mpya.

Wengine huiba laini yenyewe. Huenda kwa mtu anayesajili laini, wakadai simu yao imepotea, na namba yako ikahamishiwa kwenye kadi yao. Dalili yake ni simu yako kukosa mtandao ghafla wakati jirani yako wa mtandao huo huo anaongea vizuri.

Na yupo anayejifanya msambazaji wenu wa siku zote. Ankara ni ile ile, bidhaa ni zile zile, bali chini pameandikwa kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mama analipa kwa moyo mweupe. Anagundua wiki ya tatu, pale msambazaji wa kweli anapodai fedha zake, na fedha zenyewe zilikuwa mtaji pamoja na ada ya watoto.

Tufanye nini?

Kwanza, tuzoee kutazama salio badala ya ujumbe. Mzigo usitoke dukani mpaka fedha zionekane kwenye akaunti. Tuwafundishe hivyo na wanaotusaidia kuuza, tena tuwaambie wazi kwamba hatutawakemea kwa kumchelewesha mteja. Binti anayeogopa kugombezwa ndiye anayedanganywa upesi.

Pili, namba ya siri isijulikane na mtu mwingine, na tarakimu za uthibitisho zisitajwe kwa yeyote, hata akilijua jina lako na la mume wako. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, kwa maana hiyo hukisiwa upesi. Katika WhatsApp na barua pepe tuwashe uthibitisho wa hatua mbili, ili mwizi akipata ufunguo mmoja akwame kwenye wa pili.

Tatu, habari yoyote ya kubadilisha akaunti au namba ya malipo tuihakikishe kwa kupiga simu. Tusiipige namba iliyo kwenye ujumbe huo, bali ile tuliyokuwa nayo tangu zamani. Katika kikundi, fedha nyingi zisitoke kwa neno la mtu mmoja. Wawili wakubaliane kwanza.

Nne, tutenganishe simu ya biashara na ya nyumbani, kama uwezo upo. Simu ile ile ikiwa ya mauzo mchana na ya michezo ya watoto jioni, mtoto ataweka programu yoyote inayomwitia. Na pale ambapo hatuwezi kuwa na mbili, tukubaliane na baba watoto kwamba hakuna anayeongeza programu bila kuuliza.

Tano, daftari la madeni, orodha ya wateja na hesabu zilizo kwenye kompyuta ziwe na nakala mahali pengine, nje ya kompyuta hiyo. Mwezi Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai fedha ili zifunguliwe. Zilizoumia zilikuwa hasa zile ambazo hazikuwekewa marekebisho yaliyokwisha kutolewa miezi miwili kabla. Kwa hiyo kompyuta au simu ikikuomba ipokee marekebisho ya mtengenezaji, usiahirishe kila siku.

Sita, hapa Tanzania unaweza kupiga *106# ukaona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda ukaikane mapema.

Wakiwa wamekwisha kuingia

Dakika za mwanzo ndizo zenye faida. Piga simu mara moja kwa kampuni ya simu na benki, uombe akaunti na laini vifungwe. Kama simu yako imezimika, azima ya jirani. Usifute ujumbe wa tapeli, maana ni ushahidi. Namba yake itume kwenda 15040, halafu nenda polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2018.

Tena usifiche. Wapo wenzetu waliokaa kimya kwa aibu, wakaogopa kumwambia mume au kikundi, na wakati huo mwizi akaendelea kuwaibia wengine kwa kutumia jina lao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyedanganywa si mjinga. Amekutana na watu ambao kazi yao ya mchana na usiku ni kudanganya. Nasi tunaompokea mwenzetu wa namna hiyo tumsaidie kwanza, maswali ya "kwa nini ulikubali" yaje baadaye, au yasije kabisa.

Ndugu zetu, ukitazama hila zote hizi utaona kwamba zinategemea jambo moja, yaani haraka. "Leo ndiyo mwisho." "Tuma sasa hivi." "Usimwambie mtu." Ukiyasikia maneno hayo, weka simu chini, umalize kumhudumia mteja aliye mbele yako, kisha umwulize mtu unayemwamini. Fedha halali haziharibiki kwa kungoja nusu saa.