Ada au Riba? Faida ya Benki Imo Katika Jina

M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, walikuwepo waliohofu kuwa simu ingezinyang'anya benki riziki. Waama, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2012 Commercial Bank of Africa ilishirikiana na Safaricom kuanzisha M-Shwari. Benki yenye matawi machache ikawafikia mamilioni ya wakopaji bila kuwajengea matawi. Gharama ya kumhudumia mteja ikashuka, mapato yakapanda.

Manufaa hayo hatuyakatai. Tunalohoji ni neno. Mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5, nayo ikaitwa "ada". Aliyerudia mkopo uo huo kwa miezi 12 alilipa asilimia 90 ya alichokopa. Aidha, sheria ilipoweka kikomo cha riba mwaka 2016, ada hiyo haikuguswa, kwani haikuitwa riba.

Lugha, basi, si pambo la biashara. Ni sehemu ya faida yenyewe. Walimu wa Kiswahili na wa hisabati washirikiane kuwafunza wanafunzi kupiga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kubonyeza simu. Nazo benki ziite gharama hiyo kwa jina lake: riba.