Jiwe la Mangapwani na Mtihani wa Kemia

Ikiingia Oktoba, wanafunzi wa kidato cha nne wa Mangapwani, Unguja, huwaoni tena barazani baada ya magharibi. Wako kambini. Wanalala skuli au kwa jamaa aliye karibu na skuli, wanasoma kwa makundi, wanausubiri mtihani wa taifa wa Novemba. Wiki hizo kila mtu ana nasaha. Kaka aliyemaliza mwaka juzi ana yake, mwenye duka ana yake, hata kondakta wa gari ya Bumbwini ana yake. Nimekaa na vijana hawa misimu kadhaa nikiwasaidia maswali ya kemia, na nasaha nyingi ninazozisikia zinawapunguzia alama watoto ambao wangefaulu. Nazijibu hapa kama nilivyozisikia.

"Hesabu za moli ziruke, kemia ina mada nyingine za kutosha."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Anayeisema ameshapiga hesabu yake: Baraza la Mitihani linatoa D kuanzia alama 30 na C kuanzia 45, basi mtu aokote alama kwenye maelezo, aachane na namba. Ingekuwa sawa kama moli ingekuwa mada tu. Moli ni kipimo cha kuhesabia, kama korja. Muuza boriti hahesabu moja moja, anahesabu kwa korja, na korja ni ishirini. Mkemia naye hawezi kuhesabu chembe moja moja, hivyo amejiwekea korja yake kubwa mno, 6.02 × 10²³, akaiita moli. Mnyang'anye muuza boriti korja yake uone kama atauza kitu. Titresheni ya mtihani wa vitendo inataka moli. Ujazo wa gesi unataka moli. Umeme wa ampea 2 ukipitishwa sekunde 965 kwenye maji ya salfeti ya shaba, unaambiwa utafute shaba iliyoganda: kulomu 1,930 ugawe kwa 96,500, upate moli 0.02 za elektroni, na kwa kuwa kila ayoni ya shaba inataka elektroni mbili, ni moli 0.01, yaani gramu 0.64. Aliyeiruka moli ameviruka vyote hivyo bila kujua kwamba ameviruka.

Mimi siianzi moli ubaoni. Tunatoka nje. Mangapwani imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na sehemu kubwa ya jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti. Wachoma chokaa wa pwani walipanga magogo, wakayarundika mawe juu yake, wakatia moto, na jiwe lililoiva walilijua kwa kulinyanyua, maana limekuwa jepesi. Ule wepesi ndio hesabu yenyewe. Moli moja ya kalsiamu kaboneti ni gramu 100: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16. Moto ukishaifukuza kaboni dioksaidi, gramu 44 zimepaa na moshi, zimebaki 56. Tani moja ya mawe ambayo asilimia 90 yake ni kaboneti itatoa kilo 504 za kalsiamu oksaidi, chokaa ambayo haijazimwa. Mtoto aliyelishika jiwe bichi mkono huu na lililoiva mkono huu haulizi tena 56 imetoka wapi.

La pili nalisikia kutoka kwa wanafunzi wenyewe, tena wale wenye bidii: "Swali hili nimeshalipitia, nimelielewa."

Kulipitia vipi? Nilikuwa na kijana mmoja, daftari lake safi kabisa, kila swali limejibiwa kwa wino wa buluu na jawabu la mwisho limepigiwa mistari miwili kwa rula. Nikampa hili: gramu 25 za kalsiamu kaboneti zimetiwa ndani ya sentimita za ujazo 200 za asidi hidrokloriki yenye moli 2 kwa lita. Gesi itakayotoka, katika halijoto na kanieneo sanifu, ina ujazo gani? Akaandika moli 0.25 za kaboneti, akazidisha kwa 22.4, akapata lita 5.6. Akaweka kalamu chini kwa utulivu wa mtu aliyefika.

Hakuitazama asidi. Asidi ile ina moli 0.4, na mlinganyo uliosawazishwa unasema kila moli ya kaboneti inakula moli mbili za asidi. Kaboneti yote ingetaka moli 0.5. Haipo. Asidi inamalizika kwanza, jiwe linabaki chini ya chombo, na gesi ni moli 0.2, lita 4.48. Nilipomwonyesha alitikisa kichwa na kusema, "Aa, nimeelewa." Alilipitia tena mbele yangu, mstari kwa mstari, na kweli alielewa. Wiki iliyofuata nikabadilisha namba, nikaweka magnesiamu mahali pa kaboneti. Akaisahau asidi vile vile.

Kijana huyu si mzito. Kuelewa kazi ya mwenzako ni jambo moja, kuifanya wewe juu ya karatasi tupu ni jambo jingine, na mtihani hauna karatasi ya aina ya kwanza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baadhi waliisoma tena, wengine waliifunika wakajiandikia wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojipima walikumbuka asilimia 56 ya habari, waliorudia kusoma 42. Hizo dakika tano ndizo zinazowadanganya vijana wetu kambini. Ukifunga daftari sasa hivi kila kitu kipo, kwa hiyo unaamini kitakuwepo Novemba.

Kijana wangu tulimtibu kwa njia moja tu. Kila swali alilolikosa alilinakili bila jawabu kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfukoni, akalifanya upya baada ya siku tatu bila ya kutazama popote. Likikataa, karatasi inarudi mfukoni. Na kabla ya kugusa kalkuleta ajiulize kwa sauti: nani anamalizika kwanza?

Kisha kuna wanaosema: "Chukua mada moja, imalize kabisa, ndipo uende nyingine." Inaonekana ni mpango mzuri, na mwezi wa Februari, mada ikiwa mpya, siupingi. Wakati wa marudio naupinga. Ukifanya maswali ishirini ya titresheni mfululizo, kuanzia la tatu hufikiri tena. Unajua kwamba ni titresheni kabla hujalisoma swali. Chumba cha mtihani hakikuambii. Kazi ya kwanza pale ni kulitambua swali ni la ukoo gani, na kazi hiyo hukuwahi kuifanya. Doug Rohrer na Kelli Taylor walilipima hili kwa maswali ya hisabati mwaka 2007. Wakati wa mazoezi, waliofanya aina moja moja walipata asilimia 89, waliochanganyiwa wakapata 60. Wiki moja baadaye wa kwanza walipata 20, waliochanganyiwa 63. Kwa hiyo mwanafunzi anayechanganya maswali na kuona anakosa kosa asivunjike moyo. Kukosa kule Oktoba kunamlipa Novemba.

"Maswali ya mitihani iliyopita hujirudia, ukimaliza ya miaka kumi, umefaulu." Nusu ya neno hili ni kweli. Ninayo mitihani ya zamani kwenye bahasha, na bila hiyo nisingeweza kufanya lolote. Lakini kinachojirudia ni sura ya swali. Namba hubadilika, kilichoulizwa huwa ndicho kilichotolewa, na kilichotolewa huwa ndicho kinachoulizwa. Nimemwona mwanafunzi akiandika jawabu la swali la mwaka mwingine, limekamilika hadi nukta ya mwisho, chini ya swali ambalo halikuliuliza. Itumieni mitihani hiyo kama mtu anavyopimwa nguo: fungeni mlango, wekeni saa, saa tatu kamili za pepa ya nadharia, kisha msahihishe kwa ukali. Na wachache wanajua kwamba Baraza la Mitihani huchapisha pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ndani yake mna majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa kwa mkono na watoto wenyewe. Kusoma kosa la mwenzio aliyekaa kwenye kiti kile kile mwaka jana kunafundisha kuliko majawabu kumi safi.

Sasa lile la barazani: "Kemia ni ya skuli za mjini zenye maabara. Sisi wa shamba tutaambulia nini?"

Sitamwambia mtu kwamba limau linatosha kuwa maabara. Bureti haina badala yake. Mtoto ambaye hajawahi kuifungua koki kwa mkono wa kushoto huku akitikisa chupa kwa mkono wa kulia, akasubiri tone moja tu libadilishe rangi, ataingia kwenye mtihani wa vitendo akitetemeka, na hilo ni deni la watu wazima, wala si lake. Skuli isiyo na bureti za kutosha iombe, iazime, ipeleke watoto wake kwa jirani siku mbili tatu kabla ya Novemba. Ila maabara isiwe kisingizio cha kutogusa yale ambayo kijiji kimejaliwa. Kwenye pango la Mangapwani kuna maji baridi chini ya jiwe. Mvua hushuka na kaboni dioksaidi ya hewani na ya udongoni, ikawa asidi dhaifu, na asidi hiyo ndiyo inayolila jiwe la chokaa kidogo kidogo mpaka likawa pango. Maji yanayopita humo yanabeba kalsiamu haidrojeni kaboneti. Ndiyo maji magumu ya mada ya kidato, ugumu wa muda. Yachemshe, kaboneti inaganda tena: ule utando mweupe ndani ya birika la mama. Mimina maji ya limau juu yake usikilize unavyochacha. Swali la maji magumu huulizwa kwenye mitihani, na aliyelikwangua birika akijua anachokwangua halikosi.

La kukesha halinichukui muda. Usiku wa kuamkia mtihani si wa kupiga msuli. Jicho lisilolala husoma 0.25 kuwa 0.025. Ishaa ikishapita, pitia makosa yako kumi unayoyajua, weka kalamu, rula na kalkuleta pamoja, lala.

Limebaki moja ambalo naliheshimu zaidi: "Kemia tunaijua, Kiingereza ndicho kinachotuangusha."

Ni kweli kwamba kinaangusha. Mtoto amesoma darasa baada ya darasa akifikiri kwa Kiswahili, kisha swali linamwambia asidi ni excess, yaani imezidi, naye analipita neno hilo kama jiwe la njiani, wakati neno hilo ndilo linalomwambia asiihesabu asidi kabisa. Lakini ninapowauliza kwa Kiswahili, mara nyingi nakuta kemia yenyewe haijakaa. Kiingereza kilikuwa kinaifunika tu. Ndiyo maana makundi yetu yanazungumza Kiswahili kwanza. Msamiati upo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, miaka mingi kabla vijana hawa hawajazaliwa. Mwanafunzi alieleze swali kwa lugha ya nyumbani mpaka mwenzake asadiki, ndipo aliandike kwa Kiingereza cha mtihani, sentensi fupi fupi, kila neno la swali lenye hila limepigiwa mstari.

Jioni moja niliwauliza kwa nini jiwe lililoiva ni jepesi. Wavulana wakaanza kutafuta maneno ya kitabuni. Binti mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mwalimu, hewa ndiyo iliyotoka," kisha akaja ubaoni akauandika mlinganyo, akausawazisha, 100 ni 56 na 44. Hakurudi kukaa. Akauliza: "Na fundi akiizima kwa maji, uzito unarudi?"

Tukapiga pamoja. 56 na maji 18 ni 74, kwa hiyo umerudi kidogo. "Bado 26," akasema. Nikamwambia autazame ukuta wa zamani uliopakwa chokaa, una miaka mingi umesimama kwenye upepo. Akanyamaza, akaishika chaki tena. Akaandika kaboni dioksaidi inaingia, 44, maji yanatoka, 18. Akajumlisha, akatoa, akapata 100.